Wimbo Mzuri, Kura ya Nani?

Tarehe 10 Mei 2011, mjini Düsseldorf, Ujerumani, Kiswahili kilisikika kwenye jukwaa la Eurovision, shindano la nyimbo linalotazamwa kuliko mengine yote Ulaya. Aliyekipandisha ni Stella Mwangi, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Norway. Aliimba wa pili usiku ule, wimbo wa "Haba Haba", beti kwa Kiingereza na kiitikio kwa Kiswahili. Wa 19, na wa mwisho, walikuwa Wagiriki na "Watch My Dance", ulioimbwa na Loukas Yorkas akishirikiana na mwanarap Stereo Mike. Matokeo: wimbo wa Ugiriki uliongoza nusu fainali hiyo kwa pointi 133. Wa Stella ulipata 30, ukawa wa 17, na safari ikaishia hapo.

Mtu wa hapa Kolwezi, Kongo, akisikiliza nyimbo hizo mbili leo kwenye simu atashangaa. "Haba Haba" ni mwepesi, unachezeka, na maneno yake tunayaelewa. Wa Kigiriki unakukwaza. Unaanza na rap ya Kiingereza, kisha Yorkas anaingia kwa Kigiriki kwa mwendo wa zeibekiko, ngoma ya kale ambayo mwanamume huicheza peke yake, taratibu, mikono ikiwa wazi kama anayejitahidi asianguke. Zeibekiko huhesabiwa tisa. Sisi tuliozoea rumba, inayokwenda kwa nne, mguu wetu huwahi kutua kabla ya mpigo. Kwa hiyo wanaosema nyimbo rahisi ndizo hushinda Eurovision hawajalitazama jambo vizuri.

Siri iko kwenye hesabu. Kila nchi inayopiga kura hupanga nyimbo, kisha kumi za juu tu ndizo hupata pointi: 12, 10, 8, halafu 7 kushuka hadi 1. Wimbo ulioshika nafasi ya 11 katika kila nchi huondoka na sifuri, hata kama umependwa kiasi na watu wote. Faida ni ya wimbo unaopendwa mno na baadhi ya nchi. Na nchi hairuhusiwi kujipigia kura. Hapo ndipo Stella alipobanwa. Norway walikuwa wameufikisha wimbo wake nambari moja kwenye chati zao, na ndugu zetu wengi wanaoishi huko wangempigia usiku kucha, lakini simu zao hazikuhesabiwa kwake. Nairobi, Mombasa, Bukavu na Kolwezi hazikuwa na kura kabisa.

Ugiriki ilikuwa na mtaji mwingine. Albania na Serbia, majirani wa Balkani ambao masikio yao yanaijua mizani ya tisa, walikuwa kwenye nusu fainali ileile. Wagiriki wametawanyika Ulaya nzima, na Kupro na Ugiriki hupeana pointi 12 mwaka hadi mwaka hadi watazamaji hucheka kabla hazijatangazwa. (Yorkas mwenyewe ni Mkupro.) Hata hivyo ujirani una kikomo. Fainali ilipofika, wimbo ulishika nafasi ya saba, na Azerbaijan ikachukua kombe. Ugiriki imeshinda mara moja tu, mwaka 2005, kwa sauti ya Helena Paparizou, binti wa wahamiaji wa Kigiriki aliyezaliwa Sweden.

Ili kupunguza nguvu za ujirani, kuna majaji wa fani ya muziki katika kila nchi. Mwaka 2011 kura zao zilichanganywa na za watazamaji nusu kwa nusu. Tangu 2016 hutangazwa kando, na hapo ndipo tunaona jinsi makundi haya mawili yanavyoweza kutofautiana. Mwaka 2025 mjini Basel, Uswisi ilipewa pointi 214 na majaji. Watazamaji waliipa sifuri. Mwaka huohuo Uholanzi iliwakilishwa na Claude Kiambe, kijana aliyezaliwa Kongo na kufika Uholanzi akiwa mtoto. Majaji walimpenda kuliko watazamaji, akamaliza wa 12. Ugiriki, kwa sauti ya Klavdia, ilikuwa ya sita.

Upande huu wa Kongo tunajua tangu zamani kwamba majaji na wasikilizaji si kitu kimoja. Mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda alizaliwa Bunkeya, makao ya mfalme Msiri, ambayo leo iko katika mkoa wetu wa Lualaba. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Likasi, enzi hizo ikiitwa Jadotville. "Masanga", gitaa moja tu, kidole gumba kikishika besi na cha shahada kikikimbia juu, ilipata tuzo ya Osborn ya mwaka huo. Tuzo hiyo ilitolewa na chama cha muziki wa Afrika ambacho Tracey mwenyewe alikuwa mmoja wa waasisi wake. Mchimbaji wa Likasi hakuulizwa maoni. Binafsi naona walichagua sawa, lakini ni vizuri kukumbuka kwamba aliyerekodi na waliotoa tuzo walikuwa meza moja.

Wala Wagiriki si wageni kwetu. Walifungua maduka Katanga nzima, walifanya biashara ya samaki Kasenga, na Kanisa la Kiorthodoksi hapa Kolwezi, ambako Padre Kosmas wa Mlima Athos alitumika hadi alipofariki ajalini mwaka 1989, huimba ibada zake kwa Kiswahili. Huko Kinshasa Mgiriki Nicolas Jéronimidis ndiye aliyeanzisha lebo ya Ngoma mwaka 1948, na ndugu wawili wa ukoo wa Papadimitriou wakaanzisha Loningisa, ambako bendi ya OK Jazz ilirekodi santuri zake za mwanzo. Rumba ya Kongo inawadai shukrani wafanyabiashara hao, hata kama walikuwa wanatafuta faida yao.

Turudi kwenye Eurovision: tangu 2023 mlango wa kura umefunguliwa kidogo. Mtu aliye nje ya nchi zinazoshiriki anaweza kupiga kura mtandaoni, kwa kulipia kwa kadi ya benki. Kwa hiyo wimbo mwingine wenye Kiswahili ukipanda jukwaani mwezi wa tano, usisubiri mwenzako wa Nairobi akupigie. Ingia kwenye tovuti rasmi ya shindano na upige mwenyewe. Ila ujue mizani ilivyo: kura zote za Lualaba, Nairobi, Muscat, Marekani na kwingineko duniani hukusanywa na kuhesabiwa kama za nchi moja, nazo zina uzito sawa na pointi za watazamaji zinazotolewa kwa jina la San Marino, nchi yenye watu wasiofika 40,000.