Programu za kompyuta: kanuni ya rangi inapokosa kitufe chake, skrini inadanganya

Kwenye programu ya kompyuta, kanuni moja fupi ya rangi inatosha kuharibu skrini nzima. Fundi anataka dirisha kubwa liwe na rangi nyekundu nyuma. Anaandika kanuni hiyo bila kutaja inamhusu nani, anaiweka kwenye dirisha, kisha anafungua programu. Dirisha ni jekundu kweli, lakini vitufe pia ni vyekundu, na sehemu za kuandikia, na orodha za kuchagua. Hakuna ujumbe wowote wa kosa. Kompyuta imetii: kanuni isiyotaja mtu inachukuliwa kuwa ya wote waliomo ndani.

Hilo huwapata sana wanafunzi wa informatiki wanaoanza kufanya kazi na Qt, moja kati ya vyombo vikubwa vya kutengenezea programu za kompyuta. Hata asiyejua jina hilo ameshaiona kazi yake. Imo ndani ya VLC, ile programu ya kutazama filamu, na ndani ya QGIS, ambayo wachora ramani na watu wa mashirika ya kibinadamu wanaitumia.

Wazo la kuandika rangi na maumbo katika faili ya pekee, mbali na maandishi yenyewe, lilitoka kwenye kurasa za intaneti. Håkon Wium Lie, raia wa Norway aliyekuwa akifanya kazi CERN, alilipendekeza tarehe 10 Oktoba 1994, na toleo la kwanza la CSS lilikubaliwa Desemba 1996. Mwaka huohuo wa 1994, huko Norway, ilianzishwa kampuni iliyotengeneza Qt. Lakini ilibidi kungoja hadi 2006, kwa toleo la Qt 4.2, ndipo faili za mitindo za namna ya CSS zikaingia katika programu hizo.

Moyo wa jambo ni selekta. Ni yale maneno ya mbele ya kila kanuni, yanayosema kanuni hiyo inamtafuta nani. Prefe wa shule hufanya kazi hiyohiyo asubuhi mbele ya bendera. Anaweza kuita: «Wote wa mwaka wa sita!» Anaweza kuita: «Wale wenye hawajalipa minerval!» Anaweza pia kuita mtoto mmoja kwa jina lake. Kila mara wanatoka wale tu wanaolingana na mwito. Na akiita jina ambalo halipo, hakuna anayetoka.

Katika Qt, mwito wa kwanza ni wa klasi. Ukiandika QPushButton, unaita vitufe vyote vya kubonyeza, pamoja na vile ambavyo fundi amevitengeneza mwenyewe kwa kurithi kutoka kwa hiyo klasi. Ukiweka nukta mbele, .QPushButton, unaita vitufe vya klasi hiyo yenyewe tu, na warithi wanabaki nje. Hapo ndipo wanaotoka kwenye kazi ya kurasa za intaneti wanapotea, maana kwao nukta ina kazi nyingine kabisa. Alama ya # inaita kitu kwa jina kilichopewa. Mabano ya mraba yanaita kwa sifa. Na majina mawili yakifuatana, QDialog QPushButton, maana yake ni vitufe vilivyo ndani ya kisanduku cha mazungumzo, hata kama viko ndani sana, vitoto vya vitoto.

Chukua mfano wa programu ndogo ya kupokea minerval, ya namna ambayo mwanafunzi wa informatiki anaweza kutengenezea shule ya mtaa wake. Skrini ina vitufe vitatu: Sajili, Chapa, Futa. Kitufe cha Futa kinatakiwa kiwe chekundu ili sekretari asikiguse kwa haraka. Fundi anakipa jina «Futa», lakini kwenye faili ya mitindo anaandika #futa, kwa herufi ndogo. Kwa jicho la mtu ni neno lilelile. Kwa Qt ni majina mawili tofauti. Kanuni inatafuta, haipati mtu, inanyamaza. Alama ya mabano ikisahaulika, Qt inaweza kuandika kwamba faili haisomeki, lakini selekta isiyopata kitu si kosa mbele yake. Kitufe cha Futa kinabaki na rangi ileile ya kijivu, kimekaa karibu na Sajili, asubuhi ambayo wazazi wamepanga mstari hadi kwenye barza.

Kuna mtego mwingine, na huu ni mbaya zaidi kwa sababu kila kitu kinaonekana kuwa sawa siku ya kwanza. Fundi anataka jina la mwanafunzi mwenye deni liwe jekundu. Anaipa sehemu hiyo ya skrini sifa iitwayo deni, kisha anaandika kanuni: wote wenye deni="true" wawe wekundu. Programu inafunguka, wenye deni ni wekundu, kila mtu anafurahi. Saa nne mzazi analeta pesa. Sekretari anasajili malipo, programu inageuza sifa kuwa false, lakini jina linabaki jekundu.

Qt haihesabu upya selekta za sifa kila mara sifa inapobadilika. Kanuni ililinganishwa wakati mtindo ulipowekwa, na jibu la wakati huo ndilo linaloendelea kuonekana. Maelezo rasmi ya Qt yanasema hivyo waziwazi. Ni lazima fundi aambie programu iondoe mtindo kwenye sehemu ile na kuuweka tena, kazi ya mistari miwili hivi, ambayo wengi wanaijua baada tu ya kuhangaika jioni nzima. Katika kitabu cha hesabu deni limekwisha, katika skrini bado lipo. Na anayefukuza watoto darasani juu ya minerval anasoma skrini.

Kanuni mbili zikiita kitu kimoja, nani anashinda? Yenye jina inashinda yenye klasi tu. Lakini hapo pia akili ya kawaida inadanganyika. QPushButton ni mtoto wa QAbstractButton, kwa hiyo mtu angefikiri kwamba kanuni ya mtoto ina nguvu kuliko ya mzazi. Sivyo. Kwa Qt, selekta za klasi zote zina uzito mmoja, na iliyoandikwa mwisho ndiyo inayofuatwa. Ukipanga faili vibaya, kanuni ya mzazi inafuta ya mtoto. Tena, mtindo uliowekwa moja kwa moja kwenye kitu chenyewe unashinda ule wa programu nzima, hata kama ule wa programu umetaja jina lake. Ndiyo sababu mafundi wenye uzoefu huchoka kuona rangi zimetawanywa ndani ya kodi, moja hapa, moja pale: mteja akitaka rangi mpya, faili kubwa ya mitindo inabadilishwa na nusu ya skrini haisikii.

Qt haiko peke yake. JavaFX, inayotumiwa na wanaoandika kwa Java, inakipa kitufe klasi ya mtindo iitwayo button, kwa hiyo huko .button inafanya kazi. Mwanafunzi anajifunza hivyo, kisha anaandika .hbox kwa ajili ya HBox, kile kisanduku kinachopanga vitu kwa mstari. Hakuna kinachotokea, kwa sababu HBox haina klasi ya mtindo mpaka fundi aipe mwenyewe.

Upande wa GTK, ambayo imejaa kwenye kompyuta za Linux, mabadiliko yaliwagonga watu wengi kwa siku moja. Hadi mwanzo wa 2016, faili za mitindo ziliita vitu kwa majina ya klasi, kama GtkButton. Toleo la 3.20, la Machi mwaka huo, lilileta majina mapya, na kitufe kikawa button tu. Mitindo mingi ya zamani ikaharibika: majina iliyoyaita hayakuwepo tena, vitufe na mistari vikapoteza sura, na waliotengeneza mitindo hiyo wakalazimika kuandika upya.

GTK walau ina chombo chake cha uchunguzi, kilichokuja na toleo la 3.14. Programu ikiwa wazi, fundi anabonyeza Control, Shift na D, anachagua kitufe, na anaona jina lake, klasi zake na hali yake. Kwa Qt, wengi wana njia ya kienyeji zaidi. Wanaandika kanuni wanayoishuku, wanaipa mpaka mnene wa rangi ya waridi inayochoma macho, kisha wanafungua programu. Kusipoonekana waridi popote, jina limekosewa. Waridi ikionekana kwenye vitufe kumi badala ya kimoja, selekta imeita wengi mno. Wakimaliza wanaifuta kabla mteja hajaiona, wakikumbuka.