Gulella: Wawindaji Wadogo wa Msituni

Neno konokono linapotajwa, wengi humwona akilini yule mkubwa wa shambani, mla mboga, ambaye gamba lake huweza kufikia sentimita 20. Aghalabu husahaulika kwamba jina hilohilo hubeba viumbe wasiozidi punje ya mchele. Miongoni mwao ni spishi nyingi za jenasi ya Gulella, iliyopewa jina na Mjerumani Louis Pfeiffer mwaka wa 1856.

Gulella ni konokono wa nchi kavu. Hana matamvua kama ya samaki. Hupumua hewa kwa uvungu ulio chini ya gamba, ambao hufanya kazi ya pafu. Gamba lenyewe lina umbo la pipa jembamba, na mlangoni pake huota vijino vinavyoziba sehemu kubwa ya njia. Vijino hivi havitafuni chochote. Hudhaniwa kuwa ni kinga dhidi ya maadui wanaotaka kupenya ndani. Kwa mpangilio wake, wataalamu hutofautisha spishi moja na nyingine. Isitoshe, Gulella hali majani. Yeye huwinda, na windo lake hasa ni konokono wenzake.

Afrika, kusini mwa Sahara, ina mamia ya spishi hizi. Bernard Verdcourt, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi Nairobi kabla ya kuhamia Kew, Uingereza, alizieleza nyingi za Afrika Mashariki. Mojawapo ni Gulella taitensis, iliyopata jina kutokana na Milima ya Taita.

Katika milima hiyo, msitu wa asili umebaki vipandevipande, kama vile Ngangao, Chawia na Mbololo, vikizingirwa na mashamba. Gulella huishi katika majani yaozayo yenye unyevu. Miti ikikatwa, jua hupenya na majani hukauka. Ndege ataruka hadi msitu wa pili. Konokono hawezi kulivuka shamba kavu. Spishi inayopatikana katika msitu mmoja tu hutoweka pamoja na msitu huo.

Hapa ndipo mwanaisimu anapohusika. Kiswahili kimetenga koa na konokono, na wavuvi wa pwani hawachanganyi chaza, kome na simbi. Lugha yenye uwezo huo haishindwi kumbunia jina mwindaji huyu. Maadamu wote huitwa konokono tu, mmoja akitoweka, msemaji atadhani konokono wangali wapo.