Gari la Mbio Nyuma ya Zefe

Harusi za kwetu Mombasa hazina haraka. Zefe likishaingia Mji wa Kale, matari yakilia na vijana wakiitikia kasida, mwenye gari hana budi kujivuta nyuma pole pole. Haya nayajua tangu utotoni. Nisilolijua ni kwamba yako magari yasiyoweza mwendo huo, mpaka Mfunguo Mosi wa mwaka 2022, mpwa wangu alipotuchukua na gari lake lenye turbo.

Nyuma tulimketisha mzee wa miaka themanini na kitu. Baba yake bibi harusi alikwisha kufariki, na huyu babu mzaa baba ndiye aliyekuwa walii. Msikitini alikuwa akingojewa yeye.

Ndia Kuu tukakuta zefe liko mbele yetu. Gari likaanza kurukaruka kama punda anayekataa mzigo. Petroli ikanuka, mzee akakohoa, injini ikazima. Ikawashwa, ikazima tena. Mwisho mzee akashuka, akashikwa huku na huku, akafika kwa miguu watu wamekwisha choka kungoja. Nikaha ikafungwa, alhamdulillahi, lakini mzee akasema, "Gari la kijana huyu silipandi tena." Na mjukuu wake wa pili alikuwa aolewe Mfunguo Tatu!

Nikaandamana na mpwa wangu hadi gereji moja ya Changamwe. Fundi aliuliza neno moja tu: "Injekta umetia za ngapi?"

Injekta ndizo zinazopuliza petroli ndani ya injini, kazi iliyokuwa ya kabureta zamani. Za mwanzo zilipitisha sentimita za ujazo 440 kwa dakika. Alizozitia yeye, 1000. Nikamwuliza sababu. "Mjomba, ukikanyaga linaruka," akanijibu. Kuruka kweli liliruka.

Kompyuta ya gari, alinieleza fundi, haipimi petroli. Hupima muda wa kuiacha injekta wazi. Mpwa wangu alikuwa amekwisha kuiambia ukubwa mpya, ndiyo maana barabara kuu gari likienda vyema. Lakini injekta haifunguki papo hapo. Tuseme hutaka sehemu moja ya elfu ya sekunde kabla ya kupitisha kitu. Injini ikizunguka taratibu, ile ndogo huhitaji baada ya hapo sehemu moja na nusu. Kubwa huhitaji 0.66 tu. Basi kosa la sehemu 0.1 ni asilimia 7 kwa ndogo, na asilimia 15 kwa kubwa. Tena umeme ukipungua, injekta huchelewa zaidi kufunguka. Nasi siku ile tulikuwa tumewasha taa, kiyoyozi na feni!

Hesabu za ule ucheleweshaji zilikuwa bado ni za injekta za zamani, ndefu kuliko za mpya, kwa hiyo petroli ikazidi. Kompyuta ikinusa moshi wa ekzosi ilipunguza, kisha ikaongeza, kisha ikapunguza. Huko ndiko kuruka kwenyewe.

Fundi aliiacha injini ipate moto sawasawa, akaizuia kompyuta isijisahihishe, ili kosa lionekane wazi. Akaingiza hesabu za mtengenezaji wa injekta zile kwa kila kiasi cha volti. Akawasha taa, feni, kisha kiyoyozi, kimoja kimoja, jicho lake kwenye kipimo cha ekzosi, akitaka kibaki karibu na uzani wa hewa 14.7 kwa petroli 1. Akapunguza na ile petroli ya ziada inayomwagwa mguu unapogusa tu. Ndipo akairudishia kompyuta ruhusa yake. Nusu siku nzima hakushika spana. Mafundi wa kabureta niliowajua wakitumia sikio na bisibisi, na kanzu yako ikirudi na grisi.

Mfunguo Tatu mzee alipanda shingo upande, tasbihi mkononi, dirisha wazi kwa tahadhari. Zefe likatutangulia vile vile. Tulikwenda gia ya kwanza, mpwa wangu hata mafuta hakukanyaga. Tulipopita nusu ya njia mzee akainua kichwa.

"Mbona tumesimama?"

"Hatujasimama, babu. Twenda."

Akachungulia ukuta ukipita dirishani, akarudi kwenye tasbihi yake.