Risasi Inapogonga Bamba la Chuma: Aina, Kasi na Usalama Wako

Mtu mwenye leseni ya silaha anayetaka kujizoeza kulenga shabaha huvutiwa na bamba la chuma: halichaniki kama karatasi, na mlio wake humjulisha papo hapo kwamba amelenga sawasawa. Mafundi wa kuchomelea hawakosekani, kuanzia Bunju na Tegeta hadi Mbagala na Chamazi, na wengi wao wako tayari kukata kipande cha chuma chakavu kwa bei nafuu. Tunawaomba wasomaji wasite kabla ya kununua kipande hicho. Bamba lisilofaa huweza kumrudishia mpigaji vipande vya risasi yake mwenyewe.

Kinachotokea risasi inapogonga

Katika Kiswahili neno risasi ni jina la kitu kinachofyatuliwa, na pia ni jina la madini mazito na laini ambayo kwa kawaida hutumika kukitengenezea. Ulaini huo una faida. Risasi laini ikigonga bamba gumu na bapa, husagika, na vipande vyake hutawanyika kuufuata uso wa bamba, kama maji yanayorushwa ukutani. Ndiyo maana anayesimama ubavuni mwa bamba yumo hatarini kuliko anavyodhani.

Bamba likiwa na shimo au kibonyeo, mambo hubadilika. Shimo hufanya kazi ya bakuli: hupokea vipande na kuvigeuza kuelekea vilikotoka.

Kasi ina uzito kuliko uzito

Risasi ya bastola ya milimita 9 huwa na takriban gramu 8 na hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 360 hivi kwa sekunde. Risasi ya bunduki ya aina ya AK-47 ina uzito unaokaribia huo huo, lakini huenda mita 715 hivi kwa sekunde. Kasi imekuwa takriban maradufu. Nguvu ya kugonga imekuwa karibu mara nne, kwa kuwa nguvu hukua kwa kipeo cha pili cha kasi. Risasi ya milimita 5.56 ina gramu 4 tu, lakini kwa kuwa huvuka mita 900 kwa sekunde, huweza kuchimba hata bamba gumu likipigwa kwa karibu.

Hata hivyo, kasi ndogo peke yake si kinga. Vigololi vya chuma vya bunduki za upepo havisagiki. Hudunda na kurudi vizima. Vivyo hivyo, risasi yenye kiini cha chuma haifai kwa bamba lolote la mazoezi: ama itachimba, ama itaruka. Gusisha sumaku kwenye kichwa cha risasi, si kwenye ganda lake. Ikinasa, usiitumie kupigia chuma.

Unene hauondoi ulaini

Wanunuzi wengi huuliza bamba ni nene kiasi gani. Swali la kwanza liwe ugumu wake. Chuma cha kawaida cha ujenzi huwa na ugumu wa takriban 120 hadi 150 kwa kipimo cha Brinell, ilhali bamba la shabaha la daraja la AR500 hukaribia 500. Chuma laini, hata kikiwa kinene, hubonyea na kuzaa yale mabakuli tuliyoyataja. Isitoshe, ugumu huo hupatikana kiwandani kwa joto lililopimwa, na moto wa gesi au wa kuchomelea huuharibu. Bamba litundikwe kwa minyororo au bolti, wala lisichomelewe.

Kabla ya kufyatua

• Piga mahali palipoidhinishwa kwa shabaha tu. Leseni ya kumiliki silaha si ruhusa ya kufyatua uani. Risasi ya bastola iliyokosa bamba huweza kwenda zaidi ya kilomita 1, na katika mitaa yetu nyumba ya jirani iko hatua chache tu.
• Simama umbali usiopungua mita 10 kwa bastola na mita 100 kwa bunduki ya risasi ziendazo kasi.
• Inamisha uso wa bamba kidogo kuelekea chini, ili vipande viishie ardhini.
• Vaeni miwani ya kukinga macho, mpigaji na watazamaji pia, na mzibe masikio.
• Kagua bamba kila mara. Lenye shimo, ufa au kupinda liondolewe.
• Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, kwani vumbi la risasi ni sumu, hasa kwa watoto.

Wakazi wa Mbagala tangu tarehe 29 Aprili 2009, na wa Gongo la Mboto tangu tarehe 16 Februari 2011, maghala ya silaha yalipolipuka, wanajua kwamba kipande cha chuma kinachoruka hakichagui wa kumpata. Ukiokota risasi au kitu kinachofanana na kombora, usikiguse wala usikiuze kama chuma chakavu. Wajulishe polisi au viongozi wa serikali ya mtaa.

Anayekuuzia bamba akishindwa kukueleza ugumu wake na aina ya risasi linayoimudu, usilinunue.