Cha Bure Kinachokumbukwa

Mfanyabiashara wa Ibo au Palma, kwenye pwani ya kaskazini mwa Msumbiji, anayekwenda FACIM, maonesho makubwa ya biashara yanayofanyika Ricatla, wilayani Marracuene, hushawishika kubeba kalamu zenye nembo kama wenzake. Naona ni fedha ya kutupa. Mgeni hutoka na kalamu chungu nzima mkobani asijue ipi ni ya nani. Tazama wanasiasa wa Msumbiji, ambao katika hili ni mafundi: vitambaa vya kapulana wanavyogawa wakati wa kampeni huendelea kufungwa viunoni na kubebewa watoto muda mrefu baada ya kura kuhesabiwa, hata na wasiojali chama. Kitu chenye kazi nyumbani hutangaza bila kulipwa tena.

Pwani hiyo ya kaskazini haikosi vitu vya namna hiyo. Ibo ina kahawa yake, na ina masonara wa fedha waliorithishana ufundi. Punje chache za kahawa ndani ya kipochi cha ukili hunukia, hushikika, na humfanya mtu aulize zimetoka wapi. Atakayesema watu hufuata cha bure kisha wakaenda zao hajakosea. Ndiyo maana zawadi isimwagwe mlangoni mwa banda la maonesho, apewe aliyesimama ndani kumtazama sonara akisuka uzi wa fedha. Gharama? Ni kweli kipochi kitazidi kalamu, lakini malipo yake hubaki kwa wasusi wa pwani iliyosumbuliwa na vita tangu Oktoba 2017. Ndani ya kipochi itiwe namba ya simu, maana harufu peke yake haipokei oda.