Methali za Pwani na Mahali Zinapopata Maana

Methali ni usemi mfupi wenye umbo ambalo jamii imekwisha kulikubali, unaobeba hukumu, onyo au faraja kwa njia ya fumbo, na kwa sababu ya ufupi huo watu wengi hudhani kwamba maana yake yote imo ndani ya maneno yake. Dhana hiyo haitoshi, kwa kuwa methali iliyosimama peke yake ni nusu tu ya usemi, na nusu ya pili hutolewa na jambo lililoiita, pamoja na mtu anayeisema na yule anayelengwa nayo.

Umbo lenyewe linalithibitisha jambo hili. Methali nyingi za Kiswahili zimegawika vipande viwili, cha kwanza kikiweka hali na cha pili kikitaja matokeo, kama katika “mchelea mwana kulia, hulia yeye” au “mgema akisifiwa, tembo hulitia maji”. Kwa mgawanyiko huo msemaji anaweza kutamka kipande cha kwanza akanyamaza, na msikilizaji, ambaye ameisikia methali tangu utotoni, huimalizia mwenyewe kwa sauti au moyoni, hivyo anayekanywa ndiye anayelikamilisha onyo linalomhusu. Ustadi huu wa kumkanya mtu bila kumvunjia heshima, hasa pale kijana anapotaka kumkumbusha mkubwa wake jambo, ni miongoni mwa mambo mazuri kabisa ambayo lugha ya Kiswahili imejaliwa.

Vina, yaani silabi zinazolandana, navyo huihifadhi methali hata baada ya kitu kinachotajwa kutoweka machoni pa watu. Kibaba cha “haba na haba hujaza kibaba” kilikuwa kipimo cha nafaka, vibaba vinne vikifanya pishi moja, na ingawa mizani ya kilo imeshika nafasi yake katika maduka mengi, methali haikutikisika. Hata hivyo, asiyejua asili ya picha hupoteza sehemu ya ladha. “Papo kwa papo kamba hukata jiwe” inaeleweka vizuri zaidi kwa anayekumbuka kwamba zamani maji ya kisimani yalivutwa kwa ndoo iliyofungwa kamba, na kwamba kamba iliyopita mahali pale pale kila siku, mwaka baada ya mwaka, iliweza kuchimba mfereji katika jiwe la ukingoni, ingawa yenyewe ni laini na jiwe ni gumu. Vivyo hivyo “mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani” imetoka katika maisha ya mabaharia: tezi ni upande wa nyuma wa chombo, omo ni upande wa mbele, na ngama ni sehemu ya chini kabisa ambamo maji yanayopenya hukusanyika, hivyo atembeaye huku na huko chomboni hana budi kurudi hapo, kama vile mtu arejeavyo kwenye asili yake.

Wapo wanaozilaumu methali kwa kupingana, wakitaja kwamba “haraka haraka haina baraka” haiwezi kukaa pamoja na “ngoja ngoja huumiza matumbo”. Lawama hii ingekuwa na uzito kama methali zingekuwa sheria, lakini kwa kuwa kila moja ni jibu la hali fulani, fundi anayeezeka nyumba kwa pupa anastahili ile ya kwanza, na mgonjwa anayeahirisha kwenda hospitali anastahili ile ya pili, na mzee mwenye busara ni yule anayejua ipi aitoe na wakati gani.

Waliozikusanya methali hizi vitabuni walifanya kazi ya thamani kubwa. William Taylor, mmisionari Mwingereza aliyeishi Mombasa na ambaye pia alisaidiwa na Mwalimu Sikujua kukusanya mashairi ya Muyaka bin Haji, alichapisha mkusanyiko wake mwaka 1891, na mwaka 1958 Shaaban Saleh Farsi akatoa semi za Unguja. Bila vitabu vya aina hiyo nyingi zingekuwa zimepotea. Kasoro huanza pale shule zinapozigeuza kuwa orodha ya kukariri, kila methali na “maana” yake moja, kwani mwanafunzi hutoka darasani akiwa na methali mia asizoweza kuzitumia. Afadhali zaidi ni insha ya methali iliyozoeleka katika shule za Kenya, ambamo mwanafunzi hutakiwa kutunga kisa kinachodhihirisha methali aliyopewa, maana humlazimu atafute tukio linalostahili maneno hayo.

Nje ya shule, mahali ambapo methali bado inafanya kazi yake kwa ukamilifu ni kwenye kanga, ambayo huuzwa kwa jozi iitwayo doti na kila kipande kikiwa na pindo la kuzunguka, mji wa katikati, na jina, yaani maandishi yaliyochapwa juu ya pindo la chini. Majina hayo hapo awali yaliandikwa kwa hati ya Kiarabu na baadaye kwa hati ya Kilatini, na baadhi ya wauzaji, kama lile duka la Kaderdina Hajee Essak la Mtaa wa Biashara, Mombasa, lililoanzishwa mwaka 1887 na kujulikana kwa chapa ya “Mali ya Abdulla”, wamepata sifa kutokana na kanga hizo. Mnunuzi husoma jina kabla ya kutazama rangi, kwa sababu anajua nani atamwona akiwa ameivaa. Mwanamke anayejifunga kanga yenye maneno “kikulacho ki nguoni mwako” na kupita mbele ya mlango wa jirani hakusema neno lolote, na jirani akiamua kulalamika atakuwa amekiri mbele ya mtaa mzima kwamba maneno yale yanamhusu.