Ukigongwa na Gari, Yasiishie Barabarani

Jioni moja ya mwezi wa Novemba, katika Coventry Road, mtaa wa Small Heath, kijana wa jamaa zetu aligongwa na gari akiwa juu ya baiskeli, njiani kwenda kazini zamu ya usiku. Gari lilimpita, kisha likakata kushoto mbele yake kuingia barabara ndogo ya pembeni. Taa za baiskeli zilikuwa zikiwaka, nyeupe mbele na nyekundu nyuma, kama sheria itakavyo. Dereva alisimama, akamwinua, akampangusa vumbi. Kumbe ni mwenzetu. Wakasalimiana kwa Kiswahili, wakaulizana habari za kwao. Kisha dereva akatoa pauni 40 akasema, "Mdogo wangu, tuyamalize hapa hapa, tusipelekane polisi." Kijana akazipokea kwa mikono miwili, akashukuru, wakaagana. Hakuandika jina wala namba ya gari.

Usiku ule mkono ulivimba asiweze kufunga kifungo cha shati. Asubuhi picha ya eksirei ilionyesha mfupa wa kifundo cha mkono umevunjika. Akafungwa plasta, akaambiwa asifanye kazi kwa majuma 6. Naye hulipwa kwa saa.

Ndugu wasomaji, wengi wetu tumelelewa katika desturi ya kusuluhishana. Kigoma au Mombasa, ajali ikitokea watu hukusanyika, mzee mmoja husema neno, na mambo huisha. Sina nia ya kuibeza desturi hiyo. Lakini hapa fedha za kumfidia aliyeumia hazikusudiwi kutoka mfukoni mwa dereva. Hutoka kwa kampuni ya bima, na bima hiyo imekuwa lazima kwa wenye magari tangu sheria ya mwaka 1930. Basi anayenyamaza kwa kumhurumia dereva huwa ameisamehe kampuni ya bima deni lake. (Ni kweli kwamba ada ya bima ya dereva huweza kupanda mwaka unaofuata, naye atanuna. Mfupa uliovunjika huuma zaidi.)

Nanyi madereva mnaosoma gazeti hili, sikilizeni. Sheria ya Barabara ya mwaka 1988, kifungu cha 170, inamtaka dereva aliyehusika katika ajali yenye majeruhi asimame, atoe jina na anwani yake, jina na anwani ya mwenye gari, na namba ya gari, na aonyeshe hati ya bima. Asipofanya hivyo pale pale, sharti aripoti polisi mapema iwezekanavyo, na isipite saa 24. Pauni 40 hazimwondolei wajibu huo.

Kilichomzuia kijana wetu, alivyokiri baadaye, hakikuwa huruma peke yake. Alihofu kwamba polisi na hospitali wangeuliza karatasi zake. Hofu hii naijua, imekaa katika nyumba nyingi. Basi ieleweke: matibabu katika idara ya dharura ya hospitali hayatozwi mtu yeyote, awe na karatasi au asiwe nazo. Anayelazwa wodini huweza kuulizwa juu ya ukaazi wake, na hata hapo wakimbizi, pamoja na waombao hifadhi ambao maombi yao yangali yanashughulikiwa, hawalipi. Haki ya kudai fidia nayo haifungamani na uraia. Mkalimani huombwa hospitalini, wala si kazi ya mtoto wa shule kumfasiria baba yake maneno ya daktari.

Siku ya tatu tulirudi naye Coventry Road. Mwenye duka la mboga alikuwa na kamera juu ya mlango, akatuonyesha picha, na namba ya gari ikasomeka. Tulibahatika, kwani picha za namna hiyo hufutwa zenyewe baada ya muda mfupi. Tukaripoti polisi. Kwa namba ile ikajulikana kampuni ya bima. Lau dereva asingejulikana, au angekuwa hana bima, kipo chombo kiitwacho Motor Insurers' Bureau, kilichoanzishwa mwaka 1946, ambacho hupokea madai ya watu wa hali hiyo. Muda wa kufungua kesi mahakamani ni miaka 3 tangu siku ya ajali, na kwa mtoto miaka hiyo huanza kuhesabiwa atimizapo miaka 18.

Jihadharini na wapigao simu wakiahidi maelfu ya pauni. Mwulize wakili mapema atakata kiasi gani. Katika mkataba wa kutolipa ukishindwa, ada yake ya ushindi haipaswi kuzidi asilimia 25 ya fidia ya maumivu na ya hasara iliyokwisha kupatikana.

Dereva alipopata barua ya bima alimpigia kijana simu, akamwita msaliti. Tangu siku hiyo hawajasalimiana, na wote wawili huhudhuria misiba na harusi zile zile. Pauni 40 tulizirudisha kwa mkono wa mzee mmoja, naye dereva akazikataa. Zimo katika kopo la biskuti, pamoja na hati za mshahara, stakabadhi za teksi za kwenda hospitali na barua za daktari. Baiskeli ingali imeegemea ukutani, gurudumu la mbele limepinda. Mkewe anataka itolewe, maana yampunguzia nafasi, lakini wakili amesema isitengenezwe wala isitupwe mpaka watu wa bima wamekuja kuitazama.